Mbwa amemeza kitu kisicholika: la kufanya kabla hujamfikisha kwa daktari

Mtu akinipigia simu kwamba mbwa wake amemeza kitu, neno lake la kwanza huwa, "Dokta, nimpe nini?" Namjibu: usimpe chochote kwanza. Niambie amemeza nini, kina ukubwa gani, na amekimeza lini. Hapo ndipo simu inapokuwa kimya, kwa sababu nyumba nzima imekuwa ikimhangaikia mbwa na hakuna aliyetazama sakafuni.

Mimi ni afisa mifugo. Nimesomea chuo cha mifugo cha Buhuri, na kazi yangu naifanya hapa hapa Tanga, mjini na vijiji vya jirani. Ng'ombe na mbuzi ndio wengi, lakini mbwa wa ulinzi, wa majumbani na wa wavuvi nao hawakosekani. Vitu wanavyomeza nimevijua kwa kuviona: kandambili, soksi, stilwaya ya kusugulia sufuria, betri za rimoti, sindano na uzi wake, sponji ya godoro, kamba ya katani, magunzi ya mahindi, makokwa ya maembe. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliye nyumbani usiku, maduka ya dawa za mifugo yamefungwa, na mbwa yuko mbele yako anajilamba midomo. Kukitoa kile kitu si kazi yako. Kazi yako ni kujua ni kitu gani, kumzuia asiumie zaidi, na kumfikisha kwa anayeweza kukitoa kabla wakati haujapita.

Tazama pumzi kwanza

Mbwa aliyemeza kitu kikateremka tumboni anaweza kuonekana mzima kabisa kwa saa nyingi. Aliyesakamwa ni mwingine. Huyo anahangaika, ananyoosha shingo, anakwangua mdomo kwa miguu ya mbele, anavuta hewa kwa mkwaruzo, au sauti haitoki kabisa. Inua mdomo wake wa juu utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi. Mbwa wetu wengi fizi zao zina mabaka meusi ya asili, kwa hiyo ukiona weusi usibabaike, tazama ulimi au upande wa ndani wa kope la chini. Ukiona bluu au kijivu, una dakika chache.

Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kwa sababu kikohozi kinasukuma kuliko mkono wako. Akishindwa kuvuta hewa, mpanue taya umulikie kwa tochi ya simu. Kitu ukikiona wazi, kikwangue kwa kidole kutoka pembeni kuja mbele, au kikamate kwa koleo. Usichokiona usikitafute kwa kidole, utakishindilia. Mbwa mdogo mnyanyue kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja katikati ya mabega. Mbwa mkubwa simama nyuma yake, mzungushe mikono tumboni, weka ngumi pale mbavu zinapoishia, kisha sukuma kwa nguvu kuelekea ndani na mbele, upande wa kichwa. Fanya hivyo mara 5, halafu tazama tena mdomoni. Kikitoka na pumzi ikarudi, mpeleke kwa daktari hata hivyo, maana koo lililokwaruzwa linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Kabla hujaingiza mkono mdomoni

Hapa nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa watu hupoteza maisha.

Kichaa cha mbwa kikija kwa namna ya kupooza kinafanana sana na mfupa uliokwama kooni. Taya la chini linalegea na halifungi, udenda unamwagika, mbwa hawezi kumeza hata maji, na sauti yake ya kubweka inabadilika. Mwenye mbwa anaingiwa na huruma, anasema, "Ana mfupa kooni huyu," na anaingiza mkono kuutafuta. Mfupa haupo. Kilichopo ni mate yenye virusi, na mchubuko mdogo wa kidoleni unatosha kuvipitisha. Kwa binadamu, dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza hakuna tiba.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuanza kula vitu visivyolika: vijiti, mawe, udongo, vitambaa. Kwa hiyo mbwa mzima wa umri, ambaye hakuwa na tabia hiyo, akianza ghafla kumeza takataka, usifikirie tumbo peke yake.

Utawatofautishaje? Aliyesakamwa alikuwa mzima dakika 5 zilizopita, alikuwa na kitu mdomoni, na balaa limeanza papo hapo. Mwenye kichaa amebadilika tangu jana au juzi: amejitenga uvunguni, amekataa chakula, amekuwa mkali kwa watu wake au amekuwa mpole kupita kawaida yake, anayumba miguu ya nyuma. Uliza kadi ya chanjo iko wapi na chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Kama hakuchanjwa, au mbwa mwenyewe humjui, au dalili zimekuja polepole, usimguse. Mfungie chumbani au bandani, watoto wakae mbali, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Na kama mkono umeshaingia, au mate yamegusa jeraha, jicho au mdomo: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje.

Sasa tafuta kilichobaki

Pumzi ni nzuri, na shaka ya kichaa haipo. Mfungie mbwa mahali ambapo hakuna kitu kingine cha kumeza, ondoa bakuli la chakula, halafu piga magoti utafute mabaki.

Mama mmoja wa Chumbageni alinipigia kuhusu mbwa wake wa miezi 5, amekula kandambili ya mtoto. Nilimwomba aokote kila kipande, atandaze gazeti sakafuni, aweke ile kandambili nyingine iliyobaki nzima, na pembeni yake avipange vile vipande, kila kimoja mahali pake. Akavipanga huku simu iko sikioni. Soli ilikamilika isipokuwa kona ya kisigino, yenye ukubwa wa kucha ya dole gumba. Mkanda mmoja ulikuwepo. Mkanda wa pili, pamoja na kile kifungo cha chini kinachopenya kwenye soli, haukuwepo. Basi tulijua: soli haitutishi, mkanda ndio wa kuufuatilia. Kazi hiyo haikuchukua muda, na ilimwokolea daktari nusu ya maswali yake.

Fanya hivyo hivyo kwa kitu chako. Soksi ilikuwa ya mtu mzima au ya mtoto, na ya pili iko wapi? Rimoti iliyotafunwa ilikuwa na betri ngapi, na zilizopo ni ngapi? Sindano ilikuwa na uzi? Toi lilikuwa na sumaku? Piga picha mabaki pamoja na sarafu au kalamu ili ukubwa uonekane, kisha yatie kwenye mfuko uende nayo. Kisha mpime mbwa uzito: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, shuka, panda peke yako, utoe. Daktari atauliza uzito, kwa sababu kila dawa inapigwa kwa kilo, na kwa sababu kokwa ambalo mbwa wa kilo 35 analipitisha, kwa mbwa wa kilo 6 ni ukuta.

Vitu visivyosubiri asubuhi

Betri bapa za duara, zile za saa, za rimoti ndogo, za mizani ya jikoni na za funguo za gari, ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Ile iliyoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na inatosha kukwama kwenye umio wa mbwa mdogo, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watu wanadhani hatari ni betri kupasuka na kumwaga dawa. Haingoji kupasuka. Ikigusa nyama yenye unyevu pande zote mbili, umeme unapita, na pale inapogusa hutengeneza magadi makali yanayounguza. Nyama inaanza kuungua ndani ya nusu saa, na ndani ya saa 2 jeraha linaweza kuwa kubwa. Tundu la umio linaweza kutokea baadaye hata betri ikishatolewa. Usimtapishe, betri itaunguza tena ikipanda. Nenda sasa hivi. Betri za kawaida za tochi na redio zina hatari yao zikitobolewa kwa meno: tazama ulimi na fizi kama kuna vidonda au weupe wa kuungua, msuuze mdomo kwa maji ya kawaida bila kumzamisha, na nenda.

Cha pili ni chochote kirefu na chembamba: uzi, mshipi wa kuvulia, utepe wa kaseti, kamba ya katani, mkanda wa nguo, soksi ndefu iliyofumuka. Uzi peke yake unaonekana mdogo na laini, na ndiyo maana watu wanaudharau. Ncha moja inashika mahali, chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, na ncha nyingine inaendelea kuvutwa na utumbo. Utumbo unajikunja juu ya uzi kama kiuno cha bukta kinavyojikunja ukivuta utepe wake, na kila unapojisogeza uzi unakata ukuta wake kutoka ndani. Kwa hiyo ukiuona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Hata sentimita chache. Wa nyuma ukiwa mrefu unaoburuzika, unaweza kuupunguza kwa mkasi ili asiukanyage, lakini usiukate ukaishia ndani.

Hapa kwetu mshipi huja na ndoana. Kule Sahare nilimkuta kijana ameushika mshipi uliotoka mdomoni mwa mbwa wa baba yake, ameukaza, mbwa amesimama kama aliyegandishwa, na kila kijana alipovuta kidogo, mbwa alitoa mlio mwembamba. Nilimwambia alegeze polepole, asiukate, tukaufunga ncha yake kwenye mkanda wa shingo kwa ulegevu ili usimezwe zaidi. Ndoana ilikuwa imeshika ukuta wa umio. Daktari aliitoa chini ya nusukaputi, akiufuata mshipi ule ule kama njia ya kuifikia. Ungekatwa mdomoni angeutafuta kwa shida kubwa. Na uliza pia kuhusu chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, kwa sababu chubwi la madini ya risasi likikaa tumboni linatoa sumu: mbwa anatapika, tumbo linamkata, baadaye anapata degedege.

Vyuma vidogo vyenye zinki, kama nati, washa na vichwa vya misumari ya bati, watu huvichukulia kwamba vitatoka tu. Vikitoka, sawa. Visipotoka, asidi ya tumbo inayeyusha ile zinki, inaingia kwenye damu na kuvunja chembe nyekundu. Fizi zinapauka, kisha zinaelekea njano, mkojo unakuwa na rangi ya chai nzito. Sumaku mbili au zaidi nazo ni za kukimbiza hospitali, kwa sababu zinanasana kutoka mikunjo miwili tofauti ya utumbo na kuutoboa ulio katikati.

Pedi, nepi, sponji na kitambaa cha deki vinafyonza maji na kuvimba vikiwa tumboni. Stilwaya inafumuka ikawa nyuzi za chuma. Na msimu wa maembe, kuelekea Desemba, kokwa la embe linaongoza kwa kunisumbua: likiwa bado na majimaji linateleza na kumezwa zima, kisha linakaa tumboni hata wiki kadhaa, siku moja linateremka na kuziba utumbo mwembamba. Gunzi la mahindi ni ndugu yake. Mbwa hawezi kulisaga tumboni, na kingo zake zilizovunjika ni kali.

Usimtapishe kwa akili yako

Najua dawa zote za mtaani, kwa sababu nimekuta mbwa wameshanyweshwa.

Maji ya chumvi ni mabaya kuliko yote. Mbwa mara nyingi hatapiki, chumvi inabaki mwilini, inavuta maji kutoka kwenye ubongo, na anaweza kufa kwa chumvi wakati kandambili ingetoka yenyewe. Mafuta ya kula ya "kumtelezeshea" yanaingia mapafuni kwa urahisi, hasa ukimshika kichwa juu na kummiminia. Mafuta ya taa ni sumu. Maziwa hayazuii kitu. Kidole kooni hakimtapishi mbwa, kinamjeruhi, nawe unang'atwa. Dawa ya binadamu ya kufungua choo inalazimisha utumbo kusukuma kitu kilichokwama, na utumbo unaweza kupasuka. Dawa za maumivu za watu, diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli, usimpe hata kidogo: tumbo lenye jeraha litavuja damu zaidi, na ini na figo zitaumia.

Kuhusu haidrojeni peroksaidi, ni kweli madaktari wa wanyama wameitumia kutapisha mbwa, ile ya asilimia 3 tu, kwa kipimo kinachotokana na uzito. Chupa za kwenye maduka ya dawa zina nguvu tofauti tofauti, na iliyo kali inaunguza tumbo. Kwa hiyo siandiki kipimo hapa. Daktari aliye kwenye simu, aliyejua uzito wa mbwa na kitu alichomeza, ndiye atakuambia ndiyo au hapana, na akiwa na sindano ya kutapisha kliniki kwake, hiyo ni bora zaidi.

Kutapisha kuna maana kwa kitu laini, kisicho na ncha, kilichomezwa muda mfupi uliopita, kama soksi fupi, na mbwa akiwa macho kabisa. Hakufai kwa sindano, ndoana, vioo, misumari, betri, magadi, jiki au mafuta ya taa. Hakufai kwa mbwa aliyelegea au anayepumua kwa shida, wala kwa wale wenye pua bapa. Na akishaanza kutapika mwenyewe kwa sababu ya kuziba, kumwongezea kutapika ni kumwongezea kuishiwa maji.

Kumsafirisha

Mpigie daktari kabla ya kutoka nyumbani. Uliza kama ana mashine ya picha na kama anaweza kupasua usiku huo. Ukijua mapema kwamba hana, utaokoa saa moja ya kuzunguka. Kwa wale walio karibu na Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hupokea kesi kama hizi.

Bodaboda haifai kwa mbwa anayetapika. Bajaji inafaa, lakini mwandae dereva. Hapa pwani wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara 7, moja kwa udongo. Hakudharau wewe wala mnyama wako, anafikiria kiti atakachokalia safari ijayo, kisha aswali na nguo hizo hizo. Kwa hiyo mwambie tangu kwenye simu kwamba abiria ni mbwa, tandika turubai lako mwenyewe, mfunge mbwa kwenye shuka kuukuu au mtie kwenye boksi, kichwa tu kiwe nje, na mlipe ya kuoshea. Nikiyapanga hivyo, dereva anakubali na anakimbiza kweli.

Mbwa mwenye maumivu anang'ata hata anayempenda. Unaweza kumfunga mdomo kwa kitambaa kirefu: kitanzi juu ya pua, msokoto chini ya taya, fundo nyuma ya masikio. Lakini usimfunge kamwe anayetapika au anayehema kwa shida, atazibwa na matapishi yake. Huyo mshike kwa shuka nene shingoni. Asile njiani. Maji pia asinywe kama anatapika, maana huenda akapigwa nusukaputi mara tu akifika.

Kwa daktari

Picha ya eksirei inaonyesha chuma, mfupa na jiwe vizuri. Kitambaa, plastiki, gunzi na kokwa la embe mara nyingi havionekani vyenyewe. Daktari anasoma dalili zake, kama hewa iliyokusanyika nyuma ya mahali palipoziba, au anatumia altrasaundi. Ndiyo maana yale mabaki uliyobeba yana thamani. Picha ikiwa safi na mbwa bado anatapika, usikubali kurudi nyumbani ukiwa umetulia. Uliza lini itapigwa nyingine.

Mwambie pia anatapika vipi. Chakula kikirudi dakika chache baada ya kula, bila tumbo kukakamaa, kikiwa hakijasagika, kitu kiko kwenye umio. Akikakamaa tumbo na kutoa maji ya njano, kiko tumboni au mbele zaidi. Tofauti hii ndogo inamwelekeza daktari aanzie wapi.

Akikuambia ni kupasua, fanya uamuzi haraka. Utumbo uliobanwa unakosa damu, unaoza, na upasuaji wa leo wa kufungua na kushona unageuka kesho kuwa wa kukata kipande cha utumbo. Baada ya upasuaji, siku ya 3 hadi ya 5 ndizo za hatari, kwa sababu mshono wa ndani ukiachia, huachia wakati huo. Homa, tumbo gumu, kutapika upya au kukataa kula siku hizo, mrudishe bila kungoja miadi. Mpe uji mwepesi, au wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, kidogo kidogo mara nyingi. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na muda wote huo asilambe kidonda.

Daktari akisema mngoje nyumbani

Kitu kidogo, laini, kisicho na ncha, na mbwa mchangamfu: mara nyingi jibu litakuwa kusubiri. Kusubiri ni kazi. Mtembeze akiwa amefungwa kamba ili kila kinyesi ukione, kivunje kwa kijiti ndani ya ndoo ya maji ukiwa umevaa glavu, mpaka kile kitu kipatikane. Vingi hutoka ndani ya siku 2 au 3. Kisipotoka ndani ya wiki, usiseme kimeyeyuka. Mpira na plastiki havimeng'enywi. Kipo.

Asubuhi na jioni tazama mambo haya. Bonyeza fizi kwa kidole hadi paweuke, uachie: rangi irudi kabla ya sekunde 2. Vuta ngozi ya mgongoni, uachie: irudi mara moja, ikikawia ameishiwa maji. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 38 hadi 39.2 ni za kawaida kwa mbwa, kwa hiyo usishtuke kwa 38.5 kama ungeshtuka kwa mtoto. Akitapika zaidi ya mara moja, akikataa chakula anachokipenda, akiinama kifua chini huku nyuma amekuacha juu, akilia ukimshika tumbo, akijikamua bila kitu kutoka au kikatoka chenye damu au cheusi kama lami, kusubiri kumekwisha. Kuharisha kidogo kidogo kusikudanganye kwamba njia iko wazi. Maji hupita pembeni ya kitu kilichoziba nusu.

Yule wa Chumbageni aliutoa mkanda wake siku iliyofuata, mzima, na kifungo chake. Wa jirani yake, aliyekula soksi, hakutoa chochote, akaanza kutapika, akapasuliwa, na yuko mpaka leo.

Nyumba yenye mbwa mdogo

Watoto wa mbwa hubadilisha meno kati ya miezi 3 na 7, na fizi zinawawasha, kwa hiyo watatafuna tu. Mpe kitu cha kutafuna kikubwa kuliko mdomo wake, kisichomeguka vipande. Kandambili na soksi ziwe juu. Betri zilizokwisha zisitupwe kwenye ndoo ya taka iliyo wazi, zifunge kwa utepe wa gundi pande zote mbili kwanza. Wavuvi, ndoana zenye chambo zisilale nje, mbwa hafuati chuma, anafuata harufu ya dagaa. Stilwaya yenye mabaki ya mchuzi nayo ni hivyo hivyo. Msimu wa maembe, makokwa yaende shimoni yafukiwe.

Mbwa anayekula udongo, mkaa na vitambaa kila mara apimwe kinyesi kwa minyoo na damu kwa upungufu, na uangalie pia kama anafungwa mnyororo mchana kutwa, kwa sababu mbwa aliyechoka kukaa anakula kilicho karibu. Na aliyewahi kupasuliwa utumbo, mwambie hivyo kila daktari mpya atakayemwona, hata kama amekuja kwa chanjo tu. Kovu la ndani linaweza kupunguza upana wa njia, na kitu ambacho zamani kingepita kinaweza kukwama hapo.